Kwaresima Niliyokataa Kuitikia

Tangu mke wangu afariki nimekuwa nikitafuta mahali pa kusali, na mpaka leo sijapapata. Watu wanaofundisha sala husema "tafuta utulivu" kana kwamba utulivu ni kiti kimewekwa sebuleni, kinasubiri mtu aje akikalie. Mimi naishi kwenye kilima cha mawe, upande wa kusini wa Mwanza, ambako nyumba zimepandana na paa la jirani liko sawa na kizingiti changu. Binti yangu, ninayeishi naye, ni fundi cherehani. Cherehani yake huanza kulia kabla sijamaliza kupiga mswaki, na redio huanza pamoja nayo. Chini yetu kuna kanisa la wokovu la mabati, na spika zake zimeelekezwa juu, kwetu, nadhani kwa makusudi, maana wanajua sisi ni Wakatoliki. Nikikaa chumbani, naombewa nisiyoyaomba. Nikikaa uani, kuku wanataka mambo yao.

Marehemu mke wangu hakuwa na shida hiyo. Yeye alisali akichambua mchele. Ungo uko mapajani, rozari iko kwenye kidole kidogo, midomo inacheza. Mtu akipita na kumsalimu, aliitikia, akauliza hali ya mgonjwa wao, akatoa pole, kisha midomo ikarudi kazini. Nilizoea kumcheka.

"Hiyo ni sala au soko?" nilimwuliza siku moja.

"Wewe si umekaa kimya tangu asubuhi?" alinijibu bila kuinua macho. "Umeshasali?"

Sikuwa nimesali. Sikuwa mtu wa kusali. Nilikuwa mpimaji wa pamba. Baada ya kidato cha nne niliajiriwa kwenye kinu cha kuchambulia pamba, na maisha yangu yote ya kazi nilisimama mbele ya mizani. Mkulima akianza kulalamika wakati mshale bado unacheza, nilimwinulia kiganja: nyamaza kwanza. Kiganja hicho nilikuja nacho nyumbani. Watoto wangu walikua wakikiona.

Basi baada ya mazishi nikachukua rozari ya mke wangu nikaenda kuitafutia mahali. Chini kidogo ya nyumba yetu kuna jiwe pana, na jingine kubwa zaidi limeliinamia na kulitilia kivuli. Ukikaa pale unaona kipande cha ziwa kati ya mapaa mawili, na upepo wa asubuhi unakufikia bila harufu ya choo cha mtu. Nikasema, hapa. Nilisahau kwamba mbele ya jiwe hilo ndiko inakopita njia ya miguu. Wanashuka wenye ndoo, wanashuka wanafunzi, wanashuka wauza dagaa na wanaowahi magari Nyegezi, na hakuna hata mmoja aliyelelewa vibaya. Wote wanasalimu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba."

Narudi kwenye Salamu Maria. Sijafika katikati.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, hujambo?"

Hao ni vijana, afadhali. Wazee wenzangu, Wasukuma wa rika langu, hawaishii hapo. Wao ni mwangaluka, ile salamu yetu ya asubuhi, kisha habari za nyumbani, za watoto, za shamba, za ng'ombe ambao sina na wanajua sina. Nikimaliza kuwajibu sikumbuki nilikuwa kwenye punje ipi, na naanza upya. Ziko asubuhi nilianza upya mpaka jua likanifuata chini ya jiwe, nikapanda nyumbani nimekasirika, na hasira hiyo nikaenda kummalizia binti yangu kwa sababu chai imepoa.

Nilijaribu kufumba macho. Wakasalimu kwa sauti kubwa zaidi. Nilijaribu kujifunika uso kwa kofia, na mama mmoja akaweka ndoo chini, akanitikisa bega. "Mzee! Mzee, u mzima?" Nilipofungua macho alishukuru Mungu kwa nguvu, watu wakasimama, na nikalazimika kuwaeleza wote kwamba bado sijafa.

Niseme nilichokuwa naomba, maana bila hicho hakuna maana ya kuandika haya. Nilikuwa namwomba Mungu anirudishie mwanangu wa kiume.

Hakuwa amepotea. Ni fundi magari, ana gereji na wenzake karibu na stendi ya Nyegezi, na anaishi kilima kile kile, juu yetu. Lakini siku ya kumzika mama yake nilipewa kipaza sauti nitoe neno la shukrani kwa niaba ya familia. Badala ya kushukuru nikasema, "Wapo waliokuja kumzika ambao hawakuja kumwuguza." Sikutaja jina. Hakukuwa na haja. Yeye alikuwa ametoka kisiwani asubuhi ile ile, na suruali yake bado ilikuwa na oili. Aliniambia kwamba alikuwa kule akitengeneza injini ya boti, kwamba mtandao haukuwepo, kwamba habari zilimfikia zimechelewa. Nilimwinulia kiganja. Watu wote waliokuwa makaburini walikiona.

Baada ya siku ile hakukanyaga tena kwangu. Ila kila asubuhi alipita pale kwenye jiwe akienda kazini. Nilimjua kabla hajafika, kwa mlio wa spana ndani ya begi lake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Basi, hayo tu. Hakusimama, nami sikumwambia asimame. Lakini hakuacha kupita hata siku moja, na nilianza kuisikiliza ile sauti kama mtu anayesikiliza mvua iliyo mbali. Kuna siku aliisema haraka, na siku nyingine aliisema taratibu kidogo, nami nikakaa na ule utaratibu mpaka jioni. Nikazidi kuomba. Bwana, asimame, aseme neno la pili. Neno moja tu zaidi.

Kwaresima ilipokaribia nikaona dawa. Tuna jumuiya yetu ndogo, familia chache za Kikatoliki zinazokutana kila wiki, nyumba kwa nyumba. Zamu ilipofika kwangu nikasimama.

"Nina neno. Kwaresima hii, mkinikuta kwenye jiwe nimeshika rozari, msinisalimu. Atakayenisalimu sitamwitikia mpaka nimalize. Nimemwekea Mungu nadhiri."

"Na kukiwa na msiba?" akauliza mwenyekiti.

"Mtaniambia nikimaliza."

"Na nyoka akikupandia?"

"Nyoka hasemi shikamoo."

Wakacheka. Kuna mama mmoja mjane mwenye ulimi mkali, rafiki wa marehemu mke wangu. Yeye hakucheka. "Baba huyu anataka kuongea na Mungu kama mkurugenzi," alisema. "Mlango umefungwa, sekretari yuko nje, sisi wengine tuandike shida zetu tuache getini."

"Mama, naomba utulivu tu."

"Haya. Utaupata."

Nikaupata kweli. Watu wa jumuiya wakawaambia majirani, majirani wakawaambia watoto wao, na kuanzia Jumatano ya Majivu walipita mbele yangu kwa kunyata, wengine wakiziba midomo wasicheke. Nilisali rozari nzima bila kukatwa, kwa mara ya kwanza. Nilijiona mtu wa maana mbele ya Mungu. Nilikuwa sijamaliza kujiona hivyo, nimeanza tu ya pili, niliposikia spana zinalia juu ya njia.

Mwanangu hashiriki jumuiya. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

"Shikamoo baba."

Nilimsikia. Rozari ilikuwa mkononi, macho nimeyafumba. Nilikuwa katikati ya Salamu Maria na nikaendelea nayo. Spana zikanyamaza. Alikuwa amesimama. Jambo nililoliomba miezi yote, kwamba asimame, lilikuwa limetokea hatua chache mbele ya miguu yangu, na mimi nikabana macho zaidi.

"Shikamoo baba," akarudia, polepole.

Nitasema ukweli. Nadhiri ilikuwepo, lakini haikuwa nadhiri peke yake. Kuna kidude ndani yangu kilifurahi kidogo. Kilisema, mwache naye asubiri. Nyuma yake niliwasikia akina mama wawili wanashuka na ndoo, na mmoja wao akasema kwa sauti ya chini, "Kanyamaza." Kisha nikasikia spana zinakwenda, upesi.

Kwetu mzazi anaweza kukutukana na kesho mkala pamoja. Lakini mzazi akiacha shikamoo ya mtoto wake ianguke chini mbele ya watu, amesema kitu ambacho tusi haliwezi kukisema. Nalijua hilo tangu utoto. Nilijidanganya kwamba kesho atapita, nami nitakuwa nimemaliza mapema, nitamweleza.

Hakupita. Kesho yake hakupita, wala siku zilizofuata. Mimi nilikaa pale na ukimya wangu, na nakuambia sijawahi kuchukia kitu kama nilivyouchukia. Wanafunzi wananyata. Wauza dagaa wananyata. Ziwa liko pale kati ya mapaa, linang'aa bure. Salamu Maria zilitoka mdomoni zimenyooka, hakuna aliyezikata, na hakuna hata moja iliyonifaa. Nilimkasirikia Mungu. Nilimwambia nimekupa ulichotaka, na huku nikijua kwamba hakuwahi kuniomba ukimya. Ukimya niliutaka mimi.

Nilipiga simu, ikaita mpaka ikakata. Nikamtuma binti yangu. Akarudi, akakaa kwenye cherehani, akavuta kitambaa.

"Amesemaje?"

"Amesema nikwambie amesikia."

"Amesikia nini?"

"Baba, mimi ningejuaje? Amesema amesikia."

"Sasa anapita wapi?"

"Juu, kwenye barabara."

"Umemweleza habari ya nadhiri?"

Akasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. "Nimechoka kuwa posta ya nyumba hii. Nenda mwenyewe. Na usimtume padri."

Nilikaa na hilo neno siku kadhaa, nikiona ni utovu wa adabu. Kisha nikavaa koti langu la kanisani na kwenda Nyegezi.

Gereji yao ni uwanja tu wenye udongo mweusi wa oili, nyuma ya stendi, na kelele zake zilifanya spika za wokovu zionekane kama kunong'ona. Huyu anagonga rimu, yule anajaribu honi, wapiga debe wanaita Magu, Kisesa, Magu, Kisesa. Kijana aliyekuwa akigonga rimu aliniona kwanza.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba."

"Gari iko wapi tukuangalizie?"

"Sina gari. Namtafuta mwanangu."

Akanitazama usoni, akacheka, akapiga bodi ya kosta iliyokuwa imenyanyuliwa kwa jeki na kuwekwa juu ya mawe. "Fundi! Toka huko chini! Toleo la kwanza limekuja!"

Mwanangu alijisukuma nje, amelala chali juu ya boksi, akatoka mpaka mabegani na kuishia hapo. Akanitazama kutoka chini. Hakusalimu. Yule wa rimu akaacha kucheka.

Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima. Nilikuwa na utangulizi, tena mzuri. Wote ulinitoka.

"Marahaba," nikasema.

"Marahaba ya nini? Sijakusalimu."

"Ya siku ile. Nimekuja kuitikia."

"Ilichelewa wapi?"

Nikamweleza nadhiri, jumuiya, wanafunzi wanaonyata. Nilivyokuwa nikieleza nilisikia jinsi mambo yale yalivyo ya kipuuzi, mtu mzima anayekataa salamu ili aongee na Mungu.

"Ulijua ni mimi?" akauliza.

Uongo ulikuwa karibu, ningeuchukua tu. "Nilijua."

Akajisukuma nje kabisa, akakaa, akafuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono. "Wale mama walinipita wakaniangalia kama mwizi. Ya mazishini niliyameza, baba. Nilisema mzee ana uchungu. Unajua mimi kwangu njia ya karibu ni ile ya juu?"

"Sikujua."

"Hujui. Nilikuwa nazunguka. Kila siku nazunguka kilima kizima, nakusalimu, ndiyo naenda kazini."

Nilitazama viatu vyangu.

"Na kisiwani nilikuambia nilikuwa na nini," akaendelea. "Nilikuambia siku ile ile. Hukuniamini."

"Sikukuamini."

"Na sasa hivi?"

Nilifungua mdomo, na hapo hapo dereva wa kosta akaja kwa kasi, shati liko wazi. "Fundi, vipi breki? Abiria wangu wameshaanza kupanda za wenzangu!"

"Dakika," mwanangu akamwambia. Akawatazama wenzake, wote mikono imejaa kazi. Kisha akanitazama mimi na koti langu. "Baba, panda."

"Nipande wapi?"

"Kwenye usukani. Nataka kutoa upepo kwenye breki, nahitaji mguu. Nikisema piga, unakanyaga unaachia. Nikisema shikilia, unakanyaga na kukaa hivyo hivyo. Usiachie mpaka niseme. Ukiachia kabla, upepo unaingia tena, tunaanza upya."

Nikapanda. Sijawahi kuendesha hata baiskeli ya mizigo. Yeye akarudi chini, na sikumwona tena. Nilichokuwa nacho ni sauti yake tu, inatoka chini ya sakafu.

"Piga. Piga. Piga. Shikilia."

Nikashikilia. Nilihisi kanyagio likizama taratibu chini ya kiatu, kama kitu kinachovuta pumzi.

"Achia. Piga. Piga. Shikilia."

Hapo akapita muuza karanga dirishani, beseni kichwani. "Shikamoo babu."

"Marahaba, mwanangu," nikamgeukia, na mguu ukanyanyuka.

"Baba! Nimesema uachie?"

"Nimesalimiwa!"

"Upepo umeingia tena!"

Yule wa rimu akaketi chini kwa kicheko. "Jamani, mzee siku hizi anaitikia mpaka kwenye breki!" Na kutoka chini ya gari nikasikia kitu nilichokuwa sijakisikia tangu kabla ya msiba. Mwanangu alikuwa anacheka, kwa hasira, lakini anacheka.

Tukaanza upya. Paja lilikuwa linatetemeka, koti limenibana, jua liko usoni. Rozari ilikuwa mfukoni na sikuweza hata kuigusa, maana mikono yote ilikuwa imeng'ang'ania usukani. Nikasali hivyo hivyo. Haikuwa sala ya kitabu. Ilikuwa: Bwana, mguu huu usinyanyuke. Shikilia, alisema, nami nikasema Bwana, usinyanyuke. Achia, alisema, nikavuta pumzi. Sijui ilichukua muda gani. Muuza karanga akarudi, akanisalimu tena, pengine alisahau, pengine kwa utani. Nikamwitikia, na mguu ukabaki chini.

"Basi," sauti ikasema. "Imekaa."

Dereva aliingia kabla sijashuka vizuri. Tukabaki uwanjani, mimi na mwanangu, mguu wangu umekufa ganzi na koti langu la kanisani lina oili.

"Kesho nitakuona?" nikauliza.

"Kesho siko. Naenda Magu, kuna gari imelala huko. Sijui nitarudi lini."

Nilikuwa na maswali, usidhani sikuwa nayo. Gari la nani, Magu sehemu gani, nani alikuita, mbona hata siku hujui. Yalijipanga kooni kama mifuko mbele ya mizani. Na mkono wangu wa kulia, naukumbuka, ulikuwa umeanza kunyanyuka wenyewe. Nikauingiza mfukoni.

"Safari njema," nikasema.

Akanitazama kidogo. "Haya, baba." Akarudi chini ya gari jingine.

Hayo yalitokea juma lililopita. Nimeivunja nadhiri, nimewaambia watu wa jumuiya, na yule mama mjane ameniambia Mungu amepumzika kidogo na mimi. Asubuhi naketi kwenye jiwe, naitikia wanafunzi, naitikia wauza dagaa, naulizwa habari za ng'ombe. Rozari siimalizi. Sala yangu imekuwa vipande vipande, na siwezi kusema nimeipenda hali hiyo. Naudhika kila siku. Mwanangu hajapita, si chini wala juu.

Leo binti yangu aliacha kushona, akaja mlangoni na uzi mdomoni.

"Baba, si umpigie? Ujue kama amesharudi."

"Amesema Magu."

"Magu si Ulaya. Ni hapa tu. Gari gani hiyo ya juma zima? Mpigie, mwulize."

"Amesema yuko Magu," nikamwambia.

"Na kama hayuko?"

"Amesema yuko Magu."

Akanitazama kama ananishangaa, kisha akarudi kwenye cherehani yake.